Uzi maalumu: Matundu ya hewa ya banda la kuku, kuzuia kicheche, kanu, nyoka na panya bila kuwanyima kuku hewa

FundiMsumeno (Morogoro)

Habari wakuu. Uzi huu ni wa matundu ya hewa tu. Kwenye nyuzi za kujenga banda sehemu hii hupewa sentensi moja, "weka wavu", kisha watu wanahamia kwenye chakula na chanjo. Wavu upi, wa tundu la ukubwa gani, umeshikwa na nini? Hapo ndipo kuku wanapoliwa.

Kwanza kabisa, usizibe. Mfugaji akikuta kuku wawili wameuawa, jioni yake anapigilia mabati na viroba kila upenyo. Kicheche atashindwa kweli, lakini banda limeshageuka chumba cha mvuke. Kuku hatoi jasho, anajipoza kwa kuhema, na kila anapohema anatoa unyevu. Unyevu huo ukikosa pa kutokea unalowesha maranda, kinyesi kilicholowa kinatoa amonia, amonia inachubua njia ya hewa, na mafua yanapata pa kuingilia. Kipimo ni rahisi: alfajiri, kabla ya kufungua madirisha, ingia ndani uchuchumae hadi kichwa chako kifike usawa wa kuku. Macho yakiwasha, hewa haitoshi, hata kama ukisimama husikii kitu.

Kwa hiyo tundu linabaki wazi kwa hewa na linafungwa kwa mnyama. Kazi hiyo ni ya wavu wa chuma, na ukubwa wa tundu la wavu unaamuliwa na nani unamzuia.

Panya mdogo wa nyumbani anapita kwenye upenyo wa milimita 6 hadi 7. Panya mkubwa, hasa akiwa bado mchanga, anapita penye milimita 12 na kidogo. Kicheche na nguchiro ni wembamba kuliko manyoya yao yanavyoonyesha, inchi 2 zinawatosha. Kanu (yule mnyama mwembamba wa usiku mwenye madoa na mkia mrefu) anapita popote kichwa chake kinapopita, na anapanda ukuta wa matofali, nguzo na mti bila shida, kwa hiyo tundu kuwa juu halimzuii hata kidogo. Nyoka ni unene wake tu.

Sasa angalia wavu wa kawaida wa kuku, ule wa matundu ya pembe sita. Waya wake ni mwembamba na haukuchomelewa, umesokotwa tu. Wavu huo ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke, haukutengenezwa kumzuia mnyama asiingie. Mbwa anaurarua, panya mkubwa anaukata pale ulipopata kutu, na ule wa inchi 2 unaruhusu mkono wa kanu au wa paka kupenya na kumvuta kuku aliyelala karibu. Ukikuta kuku amekatwa kichwa au mguu na mwili umebaki ndani, wavu ukiwa haujachanika, mara nyingi ndicho kilichotokea: amevutwa kupitia tundu.

Wavu unaofaa ni uliochomelewa kila makutano ya waya, tundu la nusu inchi, waya wa geji 19 au mnene zaidi. Kumbuka geji namba ikipanda waya unapungua: geji 19 ni kama milimita 1, geji 16 ni milimita 1.6, geji 22 ni milimita 0.7 tu. Duka la vifaa vya ujenzi usipoeleweka kwa jina, ulizia wavu wa kuchekechea mchanga, halafu pima tundu kwa rula palepale. Unaouzwa ni wa aina nyingi, kuanzia robo inchi kwenda juu, na baadhi ni wa kufumwa, haukuchomelewa. Wa kufumwa ukisukumwa kwa kidole nyaya zinatawanyika. Huo uache.

Jambo la mwisho kwenye utangulizi huu. Wavu mzuri ulioshikwa vibaya ni sawa na kutokuwa na wavu. Mnyama hakati katikati, anatafuta ukingo. Vipimo na namna ya kufunga naweka chini.

---

FundiMsumeno (Morogoro)

Mfano wa hesabu. Banda la mita 3 kwa 2, la kuku 25 hadi 30 wa kienyeji, ambao ni kama 5 kwa mita moja ya mraba. Eneo la joto. Ukuta wa chini sentimita 90, juu yake uwazi wa sentimita 80 kwenye pande zote mbili ndefu, kisha mbao inayobeba paa. Pande ndefu ziangalie kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisiingie ndani moja kwa moja.

Uwazi huo ugawe kwa nguzo ndogo mbili ili upate vipande vitatu vya mita 1. Wavu wa nusu inchi ukiachwa zaidi ya mita 1 bila mshikio unalegea, na ukilegea unasukumika.

Wavu wa upana wa futi 3 ni kama sentimita 91. Uwazi ni 80, kwa hiyo unabaki na sentimita 5 na nusu za kulalia mbao juu, na kiasi hichohicho chini. Urefu, mita 3.1 kila upande. Nunua mita 6 na nusu.

Skrubu moja kila sentimita 10. Mzunguko wa uwazi mmoja ni mita 7.6, ongeza nguzo mbili za katikati, unapata kama skrubu 92 kwa upande. Kwa pande mbili nunua 200, ndefu za kutosha kupita mbao ya kufunikia na kuingia vizuri kwenye fremu, pamoja na washa pana (visahani vya chuma vya kukaa chini ya kichwa cha skrubu). Mbao nyembamba za kufunikia kingo, inchi 1 kwa 2, jumla mita 20.

Namna ya kufunga: wavu uwe upande wa NJE wa fremu. Mnyama akisukuma anaukandamiza kwenye mbao. Ukiufunga kwa ndani, kila anaposukuma anazing'oa skrubu. Anza katikati ya upande wa juu, shika, nenda kushoto na kulia, kisha vuta kwenda chini. Mbao ya kufunikia inakaa juu ya ukingo wa wavu na skrubu inapita vyote viwili: mbao, wavu, fremu. Hapo hakuna ncha ya waya ambayo jino au ukucha unaweza kushika.

Misumari ya U peke yake haitoshi. Mbao laini ikilowa na kukauka mara kadhaa inaiachia, na mbwa mmoja anaing'oa yote kwa kuvuta. Itumie kushikilia wavu wakati unapima, halafu skrubu zifuate.

Vipande vya waya unavyokata okota vyote, ukiweza pitisha sumaku. Kuku hudonoa kinachong'aa. Waya unaweza kutoboa firigisi, na zinki iliyopakwa juu yake ni sumu kwake.

---

Mpwani (Kigamboni)

Ahsante mkuu, hesabu imekaa vizuri. Maswali mawili kwa sisi wa pwani. Kutu: wavu wa duka kwa upepo wa bahari unaanza kubadilika rangi mapema sana. Na mbu: kuna watu wanashauri kuweka wavu wa mbu kwenye matundu yote kwa sababu ya ndui. Je, wavu wa mbu juu ya wavu wa chuma ni sawa?

---

MzeeWaBwejuu (Unguja)

Mwanangu, la kutu linaanzia dukani. Wavu wa mabati uko wa namna mbili. Kuna ambao waya ulipakwa zinki kwanza ndipo ukachomelewa. Kila makutano joto limeunguza zinki na chuma kimebaki uchi. Na kuna uliochomelewa kwanza ndipo ukachovywa wote kwenye zinki. Tazama makutano kwa karibu. Ukiona alama ya kuungua, nyeusi au kahawia, ni wa kwanza. Ukiona zinki imejaa kwenye kona mpaka imefanya vinundu, ni wa pili, huo ndio wa pwani. Bei yake ni kubwa lakini huo mwingine utaununua tena.

Kutu haianzii katikati ya wavu. Huanzia pale palipofunikwa na mbao, maji yanapokaa, na chini pale maranda yenye kinyesi yanapogusa waya. Kabla ya kufunga mbao ya kufunikia, paka ukingo wa wavu rangi ya mafuta, upande wa fremu na upande wa mbao. Kata ile mbao ya chini mshazari kidogo ili maji yateremke nje. Na tundu la chini kabisa liwe juu ya usawa wa maranda kwa shubiri mbili au zaidi, maana maranda huongezeka kila unapoyatandaza upya.

Mbu ni kweli hueneza ndui ya kuku, lakini dawa ya ndui ni chanjo, ile ya kuchoma kwenye bawa. Wavu wa mbu huziba upesi. Vumbi la maranda na unyoya laini hunasa humo, na banda la pwani likikosa upepo wakati wa kaskazi, kuku hufa kwa joto mchana kweupe. Ukiutaka kwa ajili ya vifaranga, uwe kwenye fremu ya kuchomoa, kwa ndani, uupige brashi kavu kila siku mbili au tatu. Usiugongomee moja kwa moja.

Kwenu huko na kwetu huku kuna kunguru pia, wale walioletwa Unguja miaka ya 1890. Huingia mchana kupitia mlango au dirisha lolote lililoachwa bila wavu, na huchukua vifaranga na mayai. Nusu inchi inamzuia kabisa. Shomoro naye hapiti, na hilo ni faida, maana huleta utitiri na hula chakula cha kuku.

---

Mama_Viota (Dodoma)

Naongezea kuhusu mchwa, kwa sababu bara hapa fremu inakufa kabla ya wavu. Kwa nje unaona mbao nzima, ukibonyeza kwa bisibisi inaingia. Skrubu zinakuwa zimeshika unga. Siku mnyama akisukuma, wavu unatoka wote na fremu yake.

Mbao zisiguse udongo. Mbao ya chini ya fremu ikae juu ya ukuta wa tofali au zege, na usilundike maranda ya zamani kwenye ukuta kwa nje, maana mchwa wanajenga njia yao humo bila kuonekana. Mbao zipakwe dawa ya mchwa kabla ya kufungwa na zikauke kabisa kabla kuku hawajaingia. Oili chafu wengi wanatumia, mimi siipendelei upande wa ndani kwa sababu kuku wanadonoa mbao na kujipaka. Nje sawa.

Anayeweza kumudu, fundi wa kuchomelea amtengenezee fremu ya angle (chuma cha pembe) ndogo ya inchi 1, wavu ushikwe kwa ubapa wa chuma wa kubana na bolti. Ni gharama ya mara moja.

---

JengaNasi (Mwanza)

Swali. Banda ni la matofali ya saruji, juu kuna mistari miwili ya matofali ya matundu (yale ya urembo). Matundu yake yanapitisha ngumi. Hakuna mbao ya kupigilia. Nafungaje wavu? Misumari ya zege inapasua tofali.

---

FundiMsumeno (Morogoro)

Mkuu JengaNasi, zipo njia mbili, inategemea kama ukuta umeshapigwa plasta.

Kama bado, una bahati. Kata wavu uwe mkubwa kuliko eneo la matofali ya matundu kwa inchi 3 kila upande. Ushikilie kwa nje na misumari michache kwenye viungo vya saruji (kwenye kiungo, usigonge kwenye tofali), kisha piga plasta juu ya zile inchi 3. Mchanganyiko ndoo 1 ya saruji kwa ndoo 4 za mchanga, usiwe mwepesi kuliko huo. Lowesha ukuta kwanza, na mwagilia siku kadhaa. Plasta ikikauka haraka inajitenga na ukuta, na wavu unatoka nayo kama ganda.

Kama plasta ipo, tumia drili na fisha (plagi ya plastiki inayoingia ukutani kushika skrubu). Toboa kila sentimita 15, weka fisha, kisha skrubu yenye washa pana ikibana ubapa wa chuma au mbao juu ya ukingo wa wavu. Tofali za block nyingi za kwetu zina saruji kidogo. Fisha ikizunguka bila kushika, toboa upya kwa kuingia kwenye kiungo, au jaza shimo kwa saruji tupu nzito, subiri ikauke, toboa tena.

Mafundi wengine wanaingiza vipande vya wavu ndani ya kila tundu na kusakafia pembeni. Inachukua siku nzima, na kipande kimoja kikilegea hukioni. Wavu mmoja mzima kwa nje ndio mpango.

---

Limuru254

Ndugu zangu, huku nyanda za juu Kenya baridi ya Julai ni shida nyingine. Ukiacha uwazi wa sentimita 80 pande mbili, kuku wanapigwa na upepo usiku kucha, hasa vifaranga. Ndiyo maana watu wanaziba. Nyinyi mnashauri vipi? Wavu wa kuanikia kahawa unapatikana hapa kwa urahisi, matundu yake ni karibu robo inchi.

---

Nyanda_Njombe

Ndugu Limuru254, hali yetu ni moja. Kwa baridi usibadilishe wavu, badilisha urefu na mahali pa uwazi. Uwazi wa kudumu uwe juu kabisa, chini ya paa, pande zote mbili, sentimita 30 hadi 40. Hewa yenye mvuke ni ya moto, inapanda na kutokea hapo. Kuku wanalala chini ya usawa huo, kwa hiyo upepo unapita juu ya vichwa vyao. Fito za kulalia zikiwa juu sana karibu na tundu, mpango wote unaharibika. Ziweke chini ya ukingo wa tundu kwa nusu mita, na mbali na wavu wowote kwa futi moja na nusu ili pasiwepo mkono wa mnyama wa kumfikia kuku.

Uwazi wa chini yake, wa mchana, uwe na pazia. Shona viroba, pitisha mti mwembamba juu na mwingine chini. Pazia linashikwa CHINI, linapandishwa kwa kamba kwenda juu. Likiwa limefungwa bado unaacha upenyo wa juu. Wengi wanafanya kinyume: wanalining'iniza toka juu, wakilikunja hewa baridi inaingia chini kwenye miguu ya kuku na mvuke unabaki juu. Pazia liwe nje ya wavu. Likiwa ndani, kuku wanalidonoa nyuzi na kuzimeza.

Na pazia si kinga ya mnyama. Panya anakata kiroba kwa dakika chache. Nyuma yake wavu uwepo daima.

Wavu wa kahawa ni mzuri, robo inchi inazuia hata panya mdogo. Angalia tu unene wa waya, mwingine ni mwembamba sana kwa kuwa kahawa haisukumi. Ukiwa hivyo, uweke juu tu, na chini ambapo mbwa anafika ongeza wavu wa inchi 2 wa geji 12 au 14 kwa nje.

---

KijanaWaMkuranga

Naona mnazungumzia nusu inchi. Nyoka? Huku nyoka wembamba wanapita nusu inchi. Kwa nini tusiseme robo inchi banda zima tumalize?

---

Mama_Viota (Dodoma)

Kijana wangu, hoja yako ina uzito lakini pima na upande wa pili. Nusu inchi ya geji 19 inaacha wazi takriban asilimia 85 ya eneo. Robo inchi ya waya wa milimita 0.6 inaacha kama 82. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo. Shida ni vumbi: robo inchi inakamata manyoya na utando wa buibui, na ndani ya wiki chache bila kufagiliwa nusu ya matundu yanaweza kuwa yamefunga. Mwenye nidhamu ya kufagia kila wiki aweke robo inchi popote. Asiye nayo atakuwa ameziba banda bila kujua.

Nyoka anayepita nusu inchi ni mdogo, hawezi kummeza kuku mkubwa. Anachofuata ni yai, kifaranga, au panya. Kwa hiyo robo inchi iende kwenye chumba cha vifaranga, kwenye eneo la viota, na kwenye upenyo wote wa chini. Swila mkubwa na chatu wanazuiwa na nusu inchi.

Tena nyoka wengi wanavutwa na panya, na panya wanavutwa na chakula kilichomwagika usiku. Ondoa vyombo vya chakula jioni. Ukikosa mayai bila ganda wala alama yoyote, shuku nyoka au kenge. Usiingize mkono kwenye kiota gizani, tumia tochi. Msitumie nyavu za samaki wala za plastiki kwenye matundu kwa kudhani zinazuia nyoka. Panya anazitafuna, na nyoka akinasa humo unabaki na nyoka hai mwenye hasira mlangoni mwa banda.

---

FundiMsumeno (Morogoro)

Dada Mama_Viota kamaliza la nyoka. Naongeza upenyo mmoja unaosahaulika karibu kwenye kila banda: chini ya migongo ya bati. Bati la migongo likilala juu ya mbao ya ukuta linaacha nafasi chini ya kila mgongo, kina chake ni karibu milimita 18 na zimepangana kila sentimita 7 na nusu hivi. Panya na nyoka wanapita hapo, na kwa kuwa ni juu hakuna anayeangalia.

Usijaze kwa sponji wala matambara, panya anafanya kiota humo. Usijaze saruji yote, hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote pa mvuke kutokea. Kata mikanda ya wavu wa robo inchi, upana sentimita 12. Kunja katikati kwa pembe mraba. Nusu moja ishikwe kwenye mbao ya ukuta kwa skrubu na washa kila sentimita 10, nusu ya juu ikate mikato midogo kwa mkasi wa bati ili ipande kuingia kwenye kila mgongo, isukume kwa mpini wa nyundo mpaka iguse bati. Mita 3 ya ukuta ni kazi ya kama saa moja. Pande za pembetatu chini ya paa nazo zipimwe hivyohivyo.

Paa litokeze nje ya ukuta sentimita 50 au 60. Mvua ya masika ya upepo inaingia mshazari, na tundu likilowesha maranda mtu ataliziba tu. Matawi ya miti yakatwe yawe mbali na paa kwa mita 2 hivi, kanu anatumia hayo.

---

Mkulima_Kagera

Wakuu, siafu je? Wanapita wavu wowote.

---

MzeeWaBwejuu (Unguja)

Kwa siafu wavu hausaidii, na mwenye banda lililofungwa sana ndiye anayepoteza zaidi, kwa kuwa kuku hawana pa kukimbilia. Kinga ni miguu ya banda. Banda liinuliwe, kila mguu usimame ndani ya kopo lenye maji na oili juu yake, na kopo lifunikwe na kibati ili mvua isilijaze ikamwaga oili ardhini. Hakikisha hakuna jani refu, kamba, ngazi wala tawi linalogusa banda, kwani wanavuka hapo. Ngazi ya kuku iondolewe usiku.

Banda la chini lisiloinuliwa, msimu wa siafu zungushia jivu pana na kavu, ulibadilishe likilowa. Ukisikia kuku wanahangaika usiku na ukawaona siafu, fungua mlango, watoe kuku kwanza. Kuku aliyefungiwa na siafu hafiki asubuhi.

Kwa banda lililoinuliwa, miguu hiyohiyo ivalishwe mkanda wa bati laini wa futi moja, usawa wa magoti au juu kidogo. Panya hupanda mti lakini hawezi kupanda bati lililonyooka.

---

JengaNasi (Mwanza)

Nimeelewa ya plasta, ahsante sana. Na asiye na pesa ya wavu wa nusu inchi kwa banda zima aanzie wapi? Wengi huku wana fito na wavu wa kuku wa kawaida.

---

Nyanda_Njombe

Asiunyunyize kidogokidogo kila mahali. Wanyama wengi wa hatari wanakuja usiku: kicheche, kanu, fungo, paka pori. Nguchiro wengi ndio wa mchana. Kwa hiyo pesa yote iende kwenye chumba cha kulala. Tenga kona ya banda, mita 1 na nusu kwa mita 1 kwa kuku 12 hadi 15 walio juu ya fito, ukuta imara, uwazi wa juu wa sentimita 30 pande mbili zinazotazamana, na huo ndio upate wavu wa nusu inchi, skrubu, washa na mbao. Kwa uwazi wa mita 1 na nusu kila upande, mita 3 na kidogo za wavu zinatosha. Ukichukua wa futi 3 unaukata katikati kwa urefu, unapata vipande vya sentimita 45, kwa hiyo mita 1.6 inafanya pande zote mbili. Sehemu ya mchana ibaki na wavu wa kawaida.

Fito na mianzi zinafaa kama nafasi kati yake haizidi sentimita 2 na zimefungwa kwa waya wa kufungia nondo, si kwa kamba ya mkonge. Kamba inaoza, panya anaikata. Mianzi ikikauka inasinyaa na nafasi zinapanuka, ipimwe tena baada ya kiangazi.

Sumu msitege. Anakufa paka wa jirani, mbwa, na ndege anayekula mzoga. Na mnyama pori aliyekutwa amekufa au anayelegea mchana asishikwe kwa mikono mitupu, nguchiro na wenzake hubeba kichaa cha mbwa.

---

KijanaWaMkuranga

Sawa wakubwa, nimekubali robo inchi kwa vifaranga na viota tu. La mwisho: nikimaliza kufunga, najuaje kwamba hakuna nilipoacha?

---

FundiMsumeno (Morogoro)

Mchana wa jua kali, ingia ndani, mwenzako afunge mlango na pazia zote. Subiri macho yazoee giza. Kila panapoingia mwanga ambapo hapana wavu, chukua penseli ya kawaida, unene wake ni kama milimita 7. Ikipita, panya mdogo anapita. Weka alama kwa chaki. Angalia zaidi kona za mlango, chini ya mlango, kwenye bawaba, na pale ukuta unapokutana na paa.

Kisha toka nje, shika wavu katikati ya kila kipande, usukume kwa kiganja kwa nguvu ya mwili, halafu ingiza ncha ya bisibisi chini ya mbao ya kufunikia kila pembe na ujaribu kuinua. Ikiinuka hata unene wa kucha, ongeza skrubu mbili hapo. Rudia kila mwezi, na kila baada ya mvua kubwa ya upepo. Madirisha ya kufunga yawe na komeo lenye pini. Kipande cha mbao cha kuzungusha kinazungushwa na mnyama pia.

Kufagia wavu kunafanywa kwa ufagio mkavu, kutoka ndani kwenda nje, kuku wakiwa nje, kabla ya kumwaga maji. Ukianza na maji vumbi linakuwa tope na linakauka ndani ya matundu.